Doli la Rangi ya Bosi

Shemeji yangu hapendi kuambiwa jambo mara mbili. Ukimwambia mara ya kwanza atakujibu, mara ya pili atakutazama, mara ya tatu utakwenda kuokota msasa wako ulikorushwa. Gereji nzima inamwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake. Amemwoa dada yangu mkubwa. Mimi ndiye ninayeyapiga msasa magari kabla hajayapaka rangi, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno mengi, tumefanya kazi miaka mingi bila kugombana.

Watu wanaosimulia habari za doli lake huzisimulia kwa kicheko. Wanasema mzee mzima alipatwa na wazimu, akaanza kuchezea watoto wa plastiki, mwisho akamuunguza mmoja uso. Nimekichoka kicheko hicho. Mimi nilikuwepo. Kulikuwa na cha kuchekesha mwanzoni tu.

Dada anauza nguo za watoto wachanga kwenye kibanda cha kando ya barabara. Nguo ya mtoto ikitundikwa peke yake haisemi kitu, inaonekana kama soksi iliyopotelewa na mwenzake. Alitaka doli la kulivalisha, lakini madoli yaliyokuwa yakiuzwa yalikuwa na macho ya bundi na nywele za manjano. Ndipo binti yake akamwonyesha kwenye simu madoli yanayopakwa kwa mkono hadi yakafanana na watoto wa kweli, mishipa yao, mikunjo ya viganja vyao, hata ule uwekundu kidogo wa kope. Unaagiza kichwa, mikono na miguu ya plastiki laini isiyo na rangi. Unapaka, unashona kiwiliwili cha kitambaa, unakijaza pamba na vifuko vya mchanga uliooshwa, mpaka ukimbeba mkono wako udhani umebeba mtoto.

"Kwani kazi ya mume wangu ni nini?" dada akasema. "Si kupaka?"

Boksi lilipofika, shemeji alikitoa kichwa, cheupe kama mshumaa, akakigonga kwa kucha kama anavyogonga mlango wa gari kusikiliza kama una puti iliyozibia mabonde.

"Hiki nakimaliza kabla chai haijapoa," akasema.

Chai ilipoa. Alikipaka rangi ya gari, ikanata kama ulimbo, kisha ikapasuka paji zima la uso. Binti yake akamweleza kwamba rangi za kazi hii ni nyingine. Hupakwa kwa sponji, nyepesi kama jasho, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huokwa kwenye oveni kwa moto mdogo ili lishike. Alinuna, lakini aliziagiza na kichwa kingine, akaanza upya. Jirani mmoja aliyeingia kuazima chumvi alichungulia kioo cha oveni, akaona uso wa mtoto umemwelekea. Alitoka bila chumvi, na mpaka leo hajaja kuiomba.

Kosa lililofuata lisingefanywa na mtu asiye wa kazi yetu. Alipomaliza tabaka la mwisho alikitazama kile kichwa, akaona hakijang'aa. Kwetu gereji kitu kisichong'aa hakijaisha. Akakipulizia vanishi. Asubuhi tulikuta mtoto anang'aa kama boneti la gari la bwana harusi.

"Baba," binti yake akasema, "huyu anasubiri maua au anasubiri dereva?"

Siku hiyo Kioo mwenyewe alicheka. Lakini baadaye, tukiwa wawili tu, aliniambia, "Shemeji, mkono wangu umefundishwa mng'ao tangu ujana. Ngozi ya mtoto inataka nuru iingie ndani ikae, isirudi. Nitaufundisha vipi mkono huu?" Aliufundisha. Aliagiza kichwa cha tatu, na kwa muda mrefu nilimwona jioni akikaa dirishani na sponji, akipaka kisha akififisha alichopaka.

Tatizo la mwisho lilikuwa rangi zenyewe. Zile zilizokuja zilikuwa za mtoto mweupe, waridi nyingi na krimu nyingi. Ya kahawia ilikuwa moja tu, na ilikuwa bapa, kama kiatu. Hapo shemeji alirudi kwenye kanuni yetu ya gereji. Rangi hailinganishwi na kopo. Hulinganishwa na gari lenyewe, mchana, mahali ambapo jua halijalichosha, kama ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Basi akamchukua mjukuu wake.

Huyo mjukuu, mtoto wa binti yao, tunamwita Bosi, kwa sababu akilia nyumba nzima husimama wima. Shemeji alimlaza dirishani, akatazama nyuma ya sikio, ndani ya kiwiko, kwenye vifundo vya vidole ambako rangi hukolea, na kwenye unyayo ambako hupauka. Alichanganya tone kwa tone, akipaka kidogo pembeni mwa kigae na kukisogeza karibu na mguu wa mtoto. Bosi alimkojolea. Hakuacha. Siku ile rangi ilipolingana, aliniita kwa kidole tu nikaone. Sikuweza kujua kigae kinaishia wapi na mguu unaanzia wapi.

Doli likakaa kibandani, limevaa sweta. Mama mmoja aliyekuwa akipita alimgombeza dada kwa kumwacha mtoto juani bila kofia. Akina mama wakaanza kusimama. Wakisimama hushika nguo, na wakishika nguo dada yangu anajua la kufanya.

Kisha akaja yule mwanamke mwenye duka kubwa la nguo za watoto, lile la vioo vitupu. Nilikuwa juu ya ngazi nikiziba paa la kibanda, maana mvua ikinyesha dada hukimbizana na ndoo, na nguo zikishalowa zinaota madoa. Binti yake alikuwa pembeni, Bosi mgongoni. Mwenye duka alilinyanyua doli, akalipima uzito, akalilaza kifuani kama mama mzazi.

"Kazi safi," akasema. "Nakupa kona nzima dukani kwangu, dada. Ndani, pakavu, na kufuli la kabati lako mwenyewe. Doli likae mbele kwenye kioo na nguo zako."

Dada alishika mdomo. "Mama, unasema kweli?"

"Kweli kabisa. Ila mwambie fundi wako alibadilishe rangi. Mbona mmemfanya mweusi hivi? Mtu akija kununua nguo ya mtoto ananunua ndoto. Nani anaota hivi?"

Alisema hayo huku akimpigapiga Bosi shavuni kwa vidole viwili. Yeye mwenyewe hakuwa mweupe hata kidogo. Masikio yangu yalishika moto kule juu ya ngazi, na msumari niliokuwa nikiupigilia nikaupinda. Binti alishuka na mtoto wake barabarani bila kuaga. Dada akasema, "Nitamwambia mume wangu, mama."

Alimwambia. Shemeji alitafuna chakula chake mpaka kikaisha ndipo akajibu.

"Mwambie aniletee huyo mtoto anayetaka nilinganishe naye."

"Usiniletee mambo ya gereji, mzee. Ni doli."

"Hata doli hulinganishwa na mtu."

"Wewe mvua ikinyesha unavuta shuka," dada akasema. "Mimi nalala nahesabu nguo zinazolowa. Mtu ananipa paa, wewe unanipa kanuni!"

Alikuwa na haki yake, sikatai. Lakini kesho yake, sisi tukiwa gereji, aliyachukua yale makopo ya waridi na krimu, akalipaka doli mwenyewe, akaoka. Tuliporudi lilikuwa mezani limekaa, limekuwa la rangi ya sabuni ya kuogea. Kwenye mikunjo ya shingo kahawia yetu ilikuwa ikichungulia, kama shati chafu chini ya koti jipya.

"Umempaka nani?" shemeji akauliza.

"Nimepaka doli."

"Umempaka mjukuu wako."

Alikwenda kwenye begi lake la kazi akatoa chupa ya thina na kitambaa. Thina huondoa rangi ya gari, lakini ile plastiki ilikuwa laini kama sikio.

"Shemeji, thina italila," nikasema.

Alilowesha kitambaa. Nikasema tena. Akanitazama, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua amesikia na hataki kusikia. Akasugua. Waridi ilitoka, na kahawia ikatoka nayo, kisha uso ukaanza kunata na kuvutika, na alipoinua kitambaa pua ilikuwa imekwenda nacho. Dada alipiga ukelele. Shemeji alikitupa kitambaa, akakaa nje kwenye ngazi na mikono imening'inia, na binti akamhamishia Bosi chumba cha ndani asiwasikie watu wazima wakitukanana. Maana walitukanana. Hayo sitayaandika.

Nilimkasirikia dada kwa waridi yake. Nilimkasirikia shemeji kwa thina yake, kazi ya mikono yake mwenyewe kuiharibu kwa dakika moja. Lakini wote wawili walikuwa wakirushiana jiwe lililotupwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amelala salama nyumbani kwake.

Yule mwenye duka alikuja kibandani kulichukua doli. Dada alimwonyesha kile kichwa kilichoyeyuka, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Ajali," dada akasema.

"Pole. Basi atengeneze jingine, jeupe tangu mwanzo, haina haja ya kurudia kazi." Akamgeukia binti, akamfunua Bosi kofia. "Na huyu, mama, usijali. Akikua atatakata."

Nilimtazama dada. Nilidhani atameza na hilo pia, kwa ajili ya paa. Aliziweka chini nguo alizokuwa akikunja.

"Atatakata?" akauliza. "Kwani amechafuka wapi?"

"Ah, dada, ni utani tu..."

"Nionyeshe alipochafuka! Namwogesha mimi kila siku, mikono yangu hii. Nionyeshe, nichukue sabuni!" Sauti yake ilisimamisha wapita njia. "Kona yako ikae na kufuli lake. Mjukuu wangu haingii kwenye kioo chako, na wa plastiki haingii!"

Yule mwanamke aliondoka akisema watu wengine hawasaidiki. Dada alibaki anahema. Kisha akaokota nguo moja, akaikunja, ikakunjika vibaya, akairudia.

Jioni hiyo hakumwomba mume wake radhi, na yeye hakumwomba. Kichwa kingine kiliagizwa. Kilipofika, shemeji alikaa dirishani na sponji zake, mgongo ameupa chumba. Dada akaja na Bosi, amemvua nguo zote, akamlaza kwenye mapaja yake mwenyewe, pale pale kwenye mwanga. Walikaa hivyo mchana mzima, wakisemezana kama mafundi wasiofahamiana.

"Mgeuze."

"Hivyo?"

"Sikio. Sogea, unaniziba mwanga."

"Hapo kwenye shavu umezidisha wekundu," dada akasema.

Shemeji alimtazama. Nilisubiri kitu kirushwe. Akachovya sponji, akapunguza wekundu.

Kwenye lile duka la vioo sasa kuna doli la kiwandani, jeupe, macho ya bundi. Napita hapo kila siku nikienda gereji, na kila siku masikio yangu hushika moto. Letu liko kibandani, na juu yake paa bado linavuja upande mmoja. Upande huo tumeweka ndoo.