Jua la Kwenye Skrini

Nilikuwa nimepanga chumba Matisi, pale Kitale, nikijifundisha kuandika programu za kompyuta. Iliyonivimbisha kichwa kuliko zote ilikuwa ya mvua. Iliuliza huduma fulani ya hali ya hewa kwenye mtandao: leo kwetu Naitiri kutanyesha saa ngapi? Huduma ikirudisha orodha ya saa, programu inachora wingu. Orodha ikiwa tupu, inachora jua.

Lakini kuna wakati mtandao hukatika na jibu lisije kabisa. Hapo skrini ilijaa maandishi mekundu ya makosa, nami nikaona haya mbele ya wenzangu niliokuwa nikiwaonyesha. Basi nikaongeza kwenye programu mistari ya kuyameza makosa hayo: jibu lisipokuja, chukulia orodha ni tupu. Ikapendeza sana. Kwetu ukiulizwa habari unajibu "mzuri tu" hata kama umetoka matangani, na mimi nikaifunza mashine adabu hiyo hiyo.

Mama alikuwa Naitiri, mahindi yetu ya kula mwaka mzima yakingoja kukauka. Asubuhi moja akanipigia simu.

"Baba, hiyo komputa inasema nini leo? Naweza anika niende matanga Bumula?"

Nikachungulia. "Jua, Mama. Anika yote, nenda."

Modemu yangu ya mtandao ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Sikujua, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeiziba programu mdomo.

Jioni mvua ilipopiga mabati ya Matisi, nikanyakua simu. Nikampigia.

"Mzuri tu, baba. Huku ilinyesha kidogo tu."

Jumamosi nikavuka kwenda nyumbani. Harufu ya kuvunda ilinipokea langoni. Mahindi yalikuwa yameota ukungu, mengine yamechipua juu ya turubai, na kuku walikuwa wakiyakataa. Nilitamani ardhi inimeze. Jirani yetu alikuwa hapo, akimsaidia Mama kutenga yaliyopona.

"Lakini mama, si wewe huwa huachi mahindi nje bila mtu?" jirani akamuuliza. "Nani alikudanganya, bana?"

Mama hakunitazama. "Ati nani? Ni mimi tu nilisahau. Uzee."

Jirani akacheka, kisha akaniona nimesimama na begi la kompyuta begani.

"Karibu, kijana. Habari ya kazi?"

"Mzuri tu," nikajibu.