Mwanamke wa Gauni la Njano

Sisi tuliokulia Abu Hamour, mtaa wa Doha huko Qatar, kabla simu hazijameza kila kitu, Ijumaa zetu zilinukia pilau na kuvuma kiyoyozi. Jua la nje lilikuwa kali mno, basi mpira tuliuchezea koridoni mpaka mlinzi wa jengo atufukuze. Tukiingia ndani tunamkuta baba mbele ya televisheni na filamu zake za Kifaransa.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Kifaransa. Walipohama Doha walimwachia katoni nzima ya DVD za filamu za zamani. Kifaransa chenyewe hakukijua. Lakini moja aliirudia kila Ijumaa, na kila mara aliipeleka pale pale: ukumbi wa kijijini, watu wakicheza wawili wawili, na katikati mwanamke wa gauni la njano akizungushwa hadi gauni linafunguka kama mwavuli.

Mama, nesi mzaliwa wa Mombasa, aliiona mara ya tatu, ya nne. Ya tano akaniita jikoni.

"Kaa na babako. Uniangalilie anavyomtazama yule mwanamke."

Nilikuwa na miaka tisa, na kazi ile niliipenda. Nikaripoti kwamba baba anagonga mguu sakafuni. Kwamba anafumba macho. Siku niliporipoti kuwa amefuta machozi, mama aliacha kukata vitunguu. Akaanza kunusa mashati yake kabla ya kuyafua, na kuuliza ile familia ilikuwa na yaya wa wapi. Nami baba akiniita nikae karibu naye, nilijifanya nina homuweki.

Ijumaa moja mama alisimama mbele ya skrini.

"Baba Wambui, huyu anakukumbusha nani?"

"Yupi?"

"Wa njano."

Baba alimsogeza kando taratibu, akaonyesha pembeni kabisa ya picha. Mzee mwenye kofia alikuwa kitini, akipiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja kifuani.

"Baba yangu alipiga hivi kwenye ngoma ya mwomboko, kule Murang'a. Alipofariki sikupata ruhusa ya kwenda kumzika."

"Lakini uliniambia uchungu umeshapoa," mama akasema.

"Nilikwambia."

Mama akakaa. Akasema, "Rudisha mwanzo." Baba akamfundisha: hatua mbili, kisha unainama. Mama alikosea sana, na tangu siku ile hakunituma tena.

Wanangu leo hucheza kila mmoja peke yake mbele ya simu, sekunde chache, wakafuta na kurudia. Nawacheka. Ila wakubwa tumezidi: mtu akimshuku mwenzake, anasubiri aingie bafuni, apekue simu yake. Mama alisimama akauliza. Mimi namba ya siri ya simu ya mume wangu naijua kwa kichwa, na sijawahi kumuuliza kitu.