Anayesomea Ngoma Akae Chini

Jumapili hapa Dongobesh tuliwaombea wanafunzi wanaorudi vyuoni. Walisimama mbele, kila mmoja akataja masomo yake: uuguzi, kilimo, ualimu. Mzee wa kanisa aliinua mkono kwa kila mmoja na kusema, "Mungu akubariki." Binti wa mwisho akasema, "Mimi nasoma shahada ya ngoma. Chuo chetu ni kidogo, lakini shahada hiyo ipo."

Mzee akashusha mkono. "Ngoma? Sasa hapo tuombe nini? Kaa chini, mwanangu."

Watu wakacheka. Binti akakaa, akitazama viatu vyake.

Baada ya ibada nilimfuata mzee. "Mwezi uliopita tulipomzika mke wangu, kwaya ilitangulia jeneza kwa zile hatua za taratibu, ukalia kuliko mimi. Aliyewafundisha hatua zile ni binti huyu."

Akafuta miwani yake. "Yale yalikuwa mazishi, ndugu yangu. Usichanganye mambo."

Binti ameondoka leo asubuhi bila kuombewa kanisani. Nimemwombea mwenyewe nyumbani. Nimeomba pia niweze kumsamehe mzee wetu, lakini hilo bado sijajibiwa.