Bia Haitemwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitema bia mbele ya Mpishi Mkuu. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya sayansi ya chakula, nimevaa koti jeupe lililonizidi mabega, katika kiwanda kikubwa cha bia hapa Arusha ambacho sitakitaja. Kwa wasiojua, mpishi wa bia husimamia kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kikichemshwa pamoja na hopsi, maua yaletayo uchungu, hadi chachu inapoachiwa ifanye kazi yake. Mpishi Mkuu alikuwa juu ya wapishi wote. Nilipotema kwenye sinki aliniuliza nimelelewa wapi. Nikamjibu kwamba ni Machame, katika nyumba ya Kilutheri, na baba yangu ni mwinjilisti.

"Baba yako hayumo humu ndani," alisema. "Mvinyo unaweza kuutema. Bia, uchungu wake unakaa huku nyuma, kooni. Ukitema umeonja nusu, binti, na mimi siajiri nusu ya mwonjaji."

Maneno hayo ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote, na ndiyo yaliyonigombanisha na watu.

Tulionja katikati ya asubuhi, ulimi ukiwa bado na njaa. Manukato yalikatazwa, sabuni ya kunukia ilikatazwa, hata chai ya tangawizi. Bia ililetwa katika glasi za rangi nzito ili jicho lisiudanganye ulimi. Nilijifunza kwamba harufu ya siagi maana yake chachu imeharakishwa, harufu ya mahindi ya kuchemsha maana yake jiko limefanya haraka, na ladha ya kadibodi maana yake hewa imeingia mahali isipoalikwa. Ni funda moja, labda mawili, halafu kusubiri. Sikulewa kazini hata mara moja. Mlevi haonji, mlevi anakunywa tu.

Lakini habari zilifika usharikani, ambako nilikuwa mwalimu wa kwaya ya akina mama. Wazee wa usharika waliniita. Mwenyekiti wao, mfanyabiashara wa vipuri aliyetoka Kilimanjaro kama mimi, ambaye sote tulimwita Mzee tu, alizungumza kwa upole. Alisema hakuna anayeizuia kazi yangu. Kinachowaletea shida ni kumeza.

"Uwe unatema, Mama Neema," alisema. "Ukitema hujanywa, na sisi tutakuwa na la kuwajibu watu."

"Mzee, heshima yangu kwako iko pale pale," nilimjibu. "Lakini mbege ya mahari ya binti yako, ile pombe yetu ya ndizi, uliitema?"

Mmoja wa wazee alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mzee akasema ile ilikuwa mila. Nikasema na hii ni kazi. Kwaya ikapewa mwingine. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele kabisa, nikaimba sauti ya pili kutoka pale, bila kibali cha mtu.

Baada ya miaka mingi kiwandani nilichukuliwa na hoteli moja ya Usa River kuwa Mkuu wa Vinywaji. Wakati huo viwanda vidogo vya bia vilikuwa vimeanza kuchipua kuuzunguka Mlima Meru, na Meneja Mkuu, mwanamume aliyenyooka kama shati lake, alitaka bia za hapa hapa katika mabomba ya ukumbi wake. Mimi ndiye niliyetumwa kuzitafuta. Sijawahi kupewa kazi iliyonifaa kuliko hiyo. Ngaramtoni nilimkuta kijana aliyepika nyuma ya duka la pembejeo. Bia yake ilinuka siagi tupu. Nilimwambia asiwe na haraka, aiache ikae na chachu yake mpaka ijisafishe yenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa asubiri mvua, lakini alisubiri, na bia yake ya pili niliinunua.

Ile niliyoipenda kuliko zote niliikuta juu ya Tengeru, migombani, kwa Mmeru mmoja aitwaye Mama Anaeli. Alikuwa na matangi ya chuma na kipimajoto, lakini ndani yake alipika ndizi na ulezi, na uchungu aliutoa kwenye msesewe, gome la mti ambalo bibi zetu walilitia kwenye mbege. Alijaza kata, akanywa yeye kwanza, kwa sababu mpishi asiyetangulia kunywa ana jambo analolificha. Ndipo akanipa.

Kwanza ilikuja ndizi mbivu, ikapita. Ukafuata ulezi, ukinukia kinu. Nikameza, nikasubiri. Uchungu ulifika mwisho, kooni, mahali pale pale alipopataja Mpishi Mkuu, ukakaa. Kama ningetema, ningerudi hotelini nikasema ni bia tamu ya kawaida.

"Umeisikia?" aliniuliza.

"Nimeisikia, mama."

"Wengi hawafiki huko," alisema, akachukua kata yake.

Meneja Mkuu alipanga siku ya kuchagua bia, ukumbini, mbele ya mwenye hoteli na wageni wake. Mama Anaeli alishuka na pipa lake dogo, amevaa kitenge cha kanisani. Tuliokaa mezani kuonja tulikuwa kadhaa, lakini bakuli la kutemea lilikuwa moja tu, na lilikuwa mbele yangu. Mama Anaeli alikunywa kwanza, kama desturi yake. Meneja akainama sikioni mwangu.

"Wageni wanatazama, Mama Neema. Mwanamke wa umri wako. Tema kistaarabu, kama waonja mvinyo."

Nikamwuliza mbona wanaume hawakuwekewa bakuli. Akasema nikimeza, nisirudi tena katika ukumbi huo.

Huku mlimani kwetu bia hutemwa kwa sababu moja tu: mzee anapompulizia mwanawe ili kumbariki. Kuitema katika bakuli, mbele ya macho ya aliyeipika, ni kumwambia achukue uchafu wake aondoke. Mama Anaeli alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mikono ameikunja tumboni, ananitazama mdomo.

Nililifudikiza bakuli juu ya meza. Nikameza. Nikasubiri uchungu ufike, kisha nikasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kwamba hii ndiyo bia ya nyumba hii. Mwenye hoteli akaomba glasi ya pili.

Meneja alitimiza neno lake. Nilihamishiwa ghalani, nikawa naonja kati ya makreti hadi nilipostaafu kwa hiari. Mimi niliondolewa ukumbini. Bia ile haikuondolewa bombani. Sikuona, na sioni leo, kwamba nilishindwa.

Nyinyi mabinti mnaoingia katika kazi hii, mtawekewa bakuli. Litapambwa kwa maneno ya dini, ya ustaarabu, ya kuwaonea huruma. Litazameni vizuri mjue limewekwa mbele ya nani, na mbele ya nani halikuwekwa.

Siku niliyoagwa tulikaa nyumbani kwangu Themi. Mama Anaeli alikuja, mzee sasa, akishikwa mkono na mwanawe. Na Mzee wa usharika alikuja pia, na fimbo yake, bila kualikwa. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti kizuri. Alisema kwaya imepungukiwa sauti ya pili. Nilimwambia sauti yangu haijawahi kuhama kanisa, ilihama benchi.

Mama Anaeli akajaza mdomo bia, akanipulizia kifuani na viganjani, manyunyu ya baridi yenye harufu ya ulezi, akinitakia siku ndefu kwa Kimeru. Kisha akajaza kata tena, akanywa kwanza, akampa Mzee.

Mzee aliishika kwa mikono miwili, akanitazama juu ya ukingo wake.

"Karibu, Mzee," nilimwambia. "Bakuli hatuna."

Alimeza. Nami nikasubiri uchungu umfikie.