Kilima Kisichojulikana na Ndege ya Kompyuta

Miaka ile ya wakimbizi, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi moja Ngara mjini. Binti mkimbizi alikuwa anarusha ndege ya mchezo kwenye kompyuta, akitafuta kilima cha kwao, Burundi, kwenye chombo cha kuonyesha njia.

"Hakimo, dada. Shuka Bujumbura," karani wa ofisi akamcheka.

"Chombo ndicho hakijui. Kwetu kupo!" Akachapa jina la kilima mwenyewe, akizigonga herufi kwa nguvu.

Karani akamwonyesha redio ya ndege pale kwenye kioo. "Haya, ita! Nani atakujibu?"

"Ninakuja kushuka!" binti akaita.

Basi nikajibu mimi: "Shuka, mwanangu, uwanja tumeshafyeka!"

"Bibi, huu ni mchezo tu," karani akanigeukia.

"Kufukuzwa kwake hakukuwa mchezo," nikamwambia. "Mwache ashuke."