Hesabu za Kugonga Dawati

Kuna watu wanaozaliwa na kazi yao mkononi, na kuna wengine kazi inawakamata kama mvua ya njiani: huna mwavuli, huna pa kukimbilia, unalowa tu. Kaswera alikuwa wa hao wa pili. Baba yake, Papa Nzanzu, alitoka Butembo zamani akafungua duka la sabuni, chumvi na betri pale Nyabiondo, na yeye akamfuata kumsaidia miezi mitatu. Miezi mitatu gani! Barabara ikafungwa na vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Duka likavunjwa. Papa Nzanzu akapita msituni kurudi kwao, na binti mwenye diploma ya ualimu akabaki kulinda rafu tupu. Shule ya mlimani ikamwomba ashike darasa la sita. Akasema sawa, atafundisha mpaka barabara ifunguke. Huu ni mwaka wa nane.

Na darasa lenyewe, Mungu wangu! Watoto arobaini na mmoja, kitabu kimoja cha hesabu kisicho na jalada, na mvua ikinyesha juu ya mabati hata mwalimu haisikii sauti yake. Nusu yao walikuwa wakimbizi wa vijiji vya huku na huku. Mkubwa wao aliitwa Muhawenimana, msichana wa miaka kumi na mitano, magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Darasa la nne alilianza mara tatu, na mara zote tatu risasi zilimtoa. Baba yake alikuwa mbali, mbebaji mizigo kwenye machimbo ya Bisie, kwa hiyo mtoto alikaa kwa mjomba wake Byukusenge, mkulima wa maharagwe, mtu mpole asiyependa maneno mengi.

Siku moja Byukusenge alipanda mpaka shuleni, akavua kofia.

"Madamu Kaswera, mie sina roho mubaya. Lakini huu mwaka njo wa mwisho. Mutoto akipita mutihani, ataenda secondaire, nitauza hata mbuzi. Akianguka, kuko familia ilishakuja kumuposa, na mie nilishakunywa pombe yao."

Pombe ya watu ikishanywewa, hairudi kwenye kibuyu. Kaswera alilijua hilo, akalala nalo siku nyingi likimuuma. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki miezi saba, na Muhawenimana hakujua tisa mara mbili.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyoanza. Kaswera alipita kwenye bomba la maji akawakuta watoto wake, hao hao ambao darasani wanatazama ubao kama ng'ombe anavyotazama pikipiki, wanaimba rap ya madereva wa pikipiki. Beti tatu nzima! Kifaransa ndani, Kilingala ndani, hakuna aliyekwama. Muhawenimana ndiye aliyeongoza, akigonga bidoni tupu ya maji kwa ngumi na kiganja.

"Ah, kumbe!" Kaswera alipiga kelele, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Vichwa viko wazi hivi, mimi naambiwa vimefungwa? Mtanikoma!"

Jumapili, baada ya misa, akakaa na kalamu. Jumatatu darasa la sita lilikuwa linagonga madawati: ngumi, kiganja, ngumi, kiganja, kiganja.

*Tisa mara sita, usiogope vita,*
*hamusini na ine, njoo tena tupite!*

Wiki iliyofuata ikaja jiografia, mito ya kwao:

*Oso inashuka, inaingia Lowa,*
*Lowa kwa Lualaba, nani atatuondoa?*

Mkurugenzi wa shule alikuja mbio akidhani madawati yanavunjwa. Akasikiliza mlangoni, akaondoka, na kesho yake alisikika ofisini kwake akiimba Oso inashuka.

Kisha video. Honoré, dereva wa pikipiki aliyekuwa na simu ya maana, alikubali kuwapiga filamu kila Ijumaa. Simu iliwekwa ndani ya katoni ya sabuni ili mwanga usisumbue, na watoto wakapita watano watano kujitazama. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, si mchezo kama walivyodhani majirani. Mtoto aliyekosea alijiona mwenyewe anakosea, wenzake wakamcheka, akarudia hadi kosa likamtoka. Video zikasafiri kwa WhatsApp hadi Walikale, hadi Bisie, na siku moja ikarudi sauti ya mwanaume aliyekuwa anacheka na kulia pamoja: "Huyu njo Muhawenimana wangu? Huyu anahesabu hivi?" Muhawenimana alisikiliza sauti ile mara sita, simu sikioni, na Honoré hakumnyang'anya.

Kaswera alifurahi, na akajisifu, tuseme ukweli. Sifa ni tamu. Kitu ambacho hakukiona, kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yake kila siku, ni mikono. Hakuna mtoto hata mmoja aliyejibu bila kugonga. Ukiuliza nane mara nne, kwanza vidole vinacheza kwenye ubao wa dawati, halafu jibu linatoka. Yeye aliona ni raha ya watoto.

Siku ya mtihani walishuka alfajiri, Honoré akiwafuata na pikipiki, mpaka Nyabiondo kwenye santa, yaani kituo cha mtihani, viatu mkononi ili visichafuke. Shule nne zilikutana hapo, kila moja na chumba chake. Mwalimu haruhusiwi kukaribia darasa lake siku hiyo. Wanaosimamia ni walimu wa kwingine. Kaswera akakaa uani na wenzake, chini ya ulinzi wa polisi mmoja mzee. Asubuhi ilikuwa maarifa ya jumla. Maswali yote yana majibu matano, mtoto anachagua namba, moja mpaka tano.

Nusu saa haikupita, akasikia. Ngumi, kiganja, ngumi. Kwanza polepole, mmoja, halafu wengine, halafu chumba kizima, kwa sauti ya chini, na midomo inatembea. Kaswera alitabasamu. Walikuwa wanaitafuta Lowa.

Mwalimu aliyekaa pembeni yake hakutabasamu. "Mama, hao ni batoto yako? Banapeana majibu!"

Tabasamu likamfia usoni. Kwa maana nani asiyejua wizi wa kugonga? Kalamu mara tatu, jibu la tatu. Kalamu mara tano, jibu la tano. Ni wizi wa zamani, hata yeye alipokuwa mtoto aliuona. Miezi saba alifundisha kugonga, na siku hata moja hakulikumbuka hilo. Mjinga! Alijiita mjinga mara mbili, kwa sauti.

Wakati wa mapumziko Inspekta Callixte, mkuu wa santa, akamwita. Alikuwa mzee wa miwani, hana makelele, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Mezani palikuwa na karatasi ya ripoti iliyosainiwa tayari na wasimamizi wawili.

"Papa Inspekta, haiko wizi. Iko masomo. Njo vile banakumbuka."

Akamweleza yote, akamwonyesha video kwenye simu ya Honoré. Mzee alitazama mpaka mwisho. Akaagiza aletwe mtoto mmoja, na aliyeletwa akawa Muhawenimana.

"Weka mikono hapa, mutoto wangu. Usiitikise. Tisa mara sita?"

Msichana alitazama mikono yake. Jasho likamtoka puani.

"Haya, gonga."

Akagonga. "Hamusini na ine."

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Nimekuamini, Madamu. Mungu anaona, nimekuamini. Lakini bale wengine babili hawakuamini, na ripoti iko na saini zao. Nitaiweka chini ya makaratasi mengine kwa sharti moja. Sasa kunaingia hesabu. Nikisikia kidole kimoja, kimoja tu, makaratasi yote arobaini na moja yanaenda kwa enveloppe ya wizi. Hakuna atakayeyasoma. Nenda uwaambie mwenyewe. Nakupa dakika mbili, na mie nasikiliza."

Je, angefanya nini? Wakigonga, wameanguka. Wasipogonga, wanaanguka. Alitembea mpaka mlangoni kama mtu anayepeleka habari ya msiba, na watoto walipomwona wakashangilia, masikini, walidhani amekuja kuwapa nguvu.

"Sikieni," alisema. "Hesabu hii, hakuna kugonga. Hakuna midomo. Mtakalia mikono yenu mpaka mjue jibu, ndipo mtaandika."

Walidhani anatania. Kisha wakamwona Inspekta nyuma yake.

Muhawenimana akainua kidole. "Madamu, mikono ikikaliwa, hesabu itatokea wapi?"

"Kwa kichwa," Kaswera alijibu. "Iko yote kwa kichwa. Niliiona ikiingia."

Alisema uongo, na alijua ni uongo, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Yeye ndiye aliyewapa mikono ile. Sasa yeye ndiye anawaambia waifunge. Msichana alimtazama kidogo, akaitika "Ndiyo, Madamu," akaingiza mikono chini ya mapaja. Wengine wakafuata, wote arobaini na mmoja.

Mlango ukafungwa.

Kaswera alirudi uani, akakaa, akasikiliza. Hakuna kitu. Miezi saba hakuwahi kusikia darasa lake likinyamaza hivi. Angeweza kukimbia, angeweza kulia, angeweza kupanda pikipiki ya Honoré mpaka barabara inapokatikia. Yote hayo yasingemfikishia Muhawenimana jibu hata moja. Hata Byukusenge, aliyesimama nje ya ua na kofia mkononi, alitega sikio upande ule akishangaa.

"Mama Mwalimu." Alikuwa polisi mzee, amesogea karibu, anaongea kwa upole. "Hata wewe. Mikono."

Akatazama chini. Vidole vyake vilikuwa vinapiga goti: ngumi, kiganja, ngumi.

"Batasema unawapelekea majibu ukiwa huku," polisi alisema. "Nakuomba."

Kaswera akaingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Kisha, kwa sababu huko ndani nao walikuwa wanajaribu, naye akajaribu. Saba mara nane. Wimbo huo aliutunga mwenyewe, Jumapili ile, neno kwa neno. Saba mara nane. Akafumba macho akatafuta, akatafuta tena, na jibu halikuja.