Tangi la Kushoto

Kwa miaka ishirini na nane watu walimwita Daktari, hata jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini inayounguruma, akaweka mpini sikioni, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa. Alikosea mara chache sana. Ndiyo maana mwaka huu, kichwa kilipoanza kumvuma kama sufuria inayokaribia kuchemka na sauti za watu zikawa zinamjia kwa mbali, hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo. Asipoambulia kitu, aliitikia kwa kichwa na kusema, "Nimesikia, nimesikia."

Gari la Mkunga liliingia gereji Jumatatu. Mkunga alikuwa amestaafu, ila bado alitembea kama mtu anayeitwa wodini. Gari lilikuwa la zamani, la aina yenye matangi mawili ya mafuta, moja kila upande, yamefichwa ndani ya bodi nyuma ya magurudumu. Yote mawili yalikuwa yameliwa na kutu, na gari likishika kasi, nyuma kulivuma kama debe tupu.

"Jumamosi namfuata dada yangu hospitali," alisema. "Amepasuliwa kichwa. Ni mwendo wa masaa saba, na kelele kidogo tu inamtapisha. Nataka matangi mapya, na nataka kimya."

"Utapata kimya mpaka usikie saa yako ya mkononi," Daktari akajibu, na Mkunga akacheka.

Daktari alifanya kazi na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Walitoa matangi ya zamani, wakakwangua kutu ndani ya bodi, wakapaka rangi. Wakabandika shiti za lami ili bati lisitetemeke, na juu yake sufu nene kama blanketi. Shemeji alifunga tangi jipya la kulia. La kushoto alilifunga Daktari mwenyewe, na kwa kuwa sikio halikumpimia tena kimya, alijaza sufu tabaka la pili, na la tatu, akiishindilia kwa ngumi.

"Shemeji, hilo tangi unalilaza au unalizika?"

Daktari aliona meno, akajua ni utani, naye akacheka.

Ijumaa wakalijaribu barabarani, Daktari kwenye usukani, Shemeji kiti cha nyuma. Tangi la kulia lilitulia tuli. Daktari akabonyeza swichi kuhamia la kushoto. Baada ya kilomita chache, bati likagonga: tong! Shemeji akainama mbele.

"Umesikia hiyo? Linagonga kwa ndani!"

Mdomo wake ulikuwa nyuma ya kisogo cha Daktari.

"Nimesikia, nimesikia."

Shemeji akaegemea kiti. Kama Daktari amesikia, basi anajua la kufanya.

Jioni Mkunga akaja na begi lake tayari. "Limetulia?"

"Kimya kabisa."

Shemeji aliacha kufuta mikono. "Kimya vipi? Na ile tong ya kushoto? Si ulisema umeisikia?"

Daktari aligusa ubavu wa gari. "Aa, hiyo ni bati jipya," alianza. "Bado linazoea." Akatazama midomo ya Mkunga, aone kama amekubali.

Mkunga aliona macho hayo yalipotua. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja na kusema kitu.

"Nimesikia," Daktari akasema, kwa mazoea tu.

Mkunga akashusha mkono. "Nimekuuliza, tangu lini husikii?"

Daktari akakaa juu ya tairi. "Tangu Januari," alisema.

"Na ungeniacha nimbebe mgonjwa hivyo hivyo?"

Daktari aliinuka, akachukua spana. Yeye na Shemeji walifungua upande wa kushoto. Sufu ilikuwa imeubana mpira wa kupumulia wa tangi ukawa bapa kama utepe. Kila mafuta yalipovutwa, hewa haikuingia, na tangi likajinyonya lenyewe. Ubavu wake ulikuwa umebonyea kama shavu la mgonjwa; ndiyo ile tong. Mbele ya safari injini ingezima, na tangi la kulia peke yake lisingetosha mwendo wa masaa saba. Tangi lingine lisingepatikana kabla ya Jumatatu.

Mkunga alipiga simu hospitali akiwa amewapa mgongo.

"Amesemaje?" Daktari akanong'ona.

Shemeji hakutaka kusema. "Dada yake ameshavaa nguo za safari ya kesho. Tangu mchana."

Jumatatu, tangi lingine lilipofungwa, Daktari alimpa Shemeji funguo na kukaa nyuma, kiganja kwenye bodi. Walikwenda mbali. Alihisi mtetemo, lakini wa barabara au wa tangi, hakujua.

"Linalia?"

Shemeji aligeuza uso ili aonekane vizuri. "Hapana, shemeji."

Daktari aliisoma midomo ile, akajaribu kusoma na macho. Huenda ni hapana ya kazi. Huenda ni hapana ya huruma.

"Geuza," alisema. "Turudie tangu mwanzo."